Saturnino Lodu na Mkanda wa Koboko

Kwa miaka ishirini na miwili nimeficha ukweli wa mkanda mmoja uliorekodiwa Koboko, na kwa kuuficha nimemwacha mtu mwenye sikio zima aamini kwamba sikio lake ni bovu. Mtu huyo ni Saturnino Lodu, mpiga gitaa wa Studio ya Enyau hapa Arua, ambaye Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi tisa. Margarita, mkuu wetu wa studio, aliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, kwa kuwa ndimi niliyemwajiri. Nilikubali kwa sharti moja: asipunguze neno.

Lakini kwanza mtu mwenyewe, maana anastahili kusimuliwa vizuri.

Saturnino alizaliwa Koboko mwaka 1965, mtoto wa askari na wa Mama Rosina, mwanamke aliyekuwa akiimba kila anapopepeta ufuta, hata majirani wakajua ufuta wa nani uko tayari. Mwaka 1980 familia ilikimbia vita kwa miguu, ikavuka mpaka upande wa Yei, Sudan. Huko katika kambi ya wakimbizi kijana alijifunza adungu, kile kinubi chetu cha ngozi na mti, na baadaye akajitengenezea gitaa la debe la mafuta ya msaada. Kiswahili alichorudi nacho ni kile alichorithi kwa baba yake, cha kambi ya jeshi, chenye "iko" kila kona. Mimi niliyesoma Dar es Salaam, hata watu wakaniita Mwalimu, nilijaribu kumsahihisha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili niliacha, kwa sababu yale niliyoyasema kwa maneno kumi yeye aliyasema kwa manne na yakafika mapema.

Alikuja kwetu tarehe 1 Machi 1991, amevaa ndara za tairi, akaomba kujaribiwa. Nilimpa gitaa la studio. Akaketi juu ya kasha la spika, akapiga wimbo wa Komunyo, na sisi watatu tuliokuwa chumbani tukasahau kuwasha mashine. Ngoma ikisema jambo, Saturnino hakurupuki kujibu. Huchelewa kidogo, kama mtu anayetoka kanisani akiwa bado na sala mdomoni, kisha anajibu kwa sauti ya chini, na wewe unayesikiliza unaanza kuhisi kwamba mchana umekuwa mrefu na hakuna mahali unapotakiwa kuwahi. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akipeleka nyanya sokoni aliegemea ukuta wetu, chini ya dirisha, kumsikiliza. Tulimkuta saa mbili baadaye amelala fofofo, karai lake kichwani limesimama wima.

Miaka ilipopita vijana wakaanza kutuletea muziki wa soul mpya, ule wa taratibu unaopigwa nyuma ya ngoma. Walimwekea Saturnino asikilize, wakidhani wanamfundisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe hata ng'ambo kuna watu wasio na haraka.

Kwa wageni wasioijua kazi hii, mpiga gitaa wa studio ni mtu anayeitwa kuingiza gitaa katika wimbo wa mwingine, kisha anaenda zake. Picha ya kwenye kasha si yake. Jina lake liko chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kwaya za Arua, Koboko na Yumbe, waimbaji wa Injili waliokuja kwa baiskeli, na baada ya mwaka 2016 kwaya za wakimbizi wa Sudan Kusini zilizokuja zikiwa zimejazana kwenye malori, wote wamesimama mbele ya gitaa lake. Vijana wa leo kutoka Juba na Kampala hufika Arua wakiulizia "mkono ule", bila kujua ni wa nani. Wakionyeshwa mwenyewe, mzee mfupi mwenye koti refu, husalimu mara mbili kwa kutoamini.

Wakati wa vita vya kaskazini, barabara ya Kampala ilipokuwa haipitiki, nyuzi za gitaa ziliadimika. Saturnino alifumua waya wa breki ya baiskeli yangu, akachukua nyuzi mbili nyembamba, akarekodi nazo kaseti nzima ya kwaya ya Ajia. Kaseti ile ilisifiwa kwa sauti yake ya pekee. Mimi nilishuka na baiskeli ile mteremko wa hospitali bila breki, na kovu ninalo.

Sasa nifike Koboko.

Mwaka 2003 alitujia Evelyn Driciru, binti wa watu wa Ajia aliyekulia Kampala. Alikuwa na sauti nzito na tulivu, na nyimbo za Injili alizozivika soul mpya. Kundi lake lilikuwa limealikwa kuzunguka Ulaya miezi minne. Alimsikia Saturnino siku moja tu, akasema hataondoka bila yeye. Mambo yakaanza kutengenezwa. Saturnino akapigwa picha za pasipoti, akaenda kwenye mitumba ya soko la Arua akachagua koti zito la sufu, la rangi ya majivu, kwa ajili ya baridi ya huko. Mkewe Driwaru alilipunguza mikono. Kilichobaki kilikuwa wimbo mmoja: mtayarishaji wa Evelyn alitaka amsikie Saturnino ndani ya wimbo huo kabla ya kutia sahihi.

Sauti ya Evelyn na ngoma tulizirekodi Arua kwa jenereta yetu. Kabla gitaa halijaingia, Mama Rosina akafariki. Saturnino akaenda Koboko kuzika, na kwa desturi yao mtoto wa kiume wa kwanza hakutakiwa kuondoka nyumbani mpaka siku za matanga ziishe. Evelyn alikuwa na tarehe zake: mtayarishaji angefika Arua Jumamosi, na wimbo ulitakiwa uwe umekamilika. Nikasema basi, kama gitaa haliwezi kuja kwa mashine, mashine itaenda kwa gitaa.

Siku hizo Koboko haikuwa na umeme. Mashine yetu ya mkanda iliweza kwenda kwa betri ya gari, na studio ilikuwa na betri moja nzuri. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeipeleka nyumbani kwangu, nikasikilizia mpira redioni kutwa nzima. Nilipofika Koboko Jumatatu asubuhi niliipeleka kwa Tahiru, aliyekuwa akichaji betri kwa jenereta pale sokoni. Nilimwachia muda wa kunywa chai na mandazi, nikarudi kuichukua. Tahiru aliipima, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, betri hii iko na njaa. Wacha ikule mpaka saa tisa."

Nilicheka. Nilitaka kurudi Arua mapema, kwa maana jioni ile ndugu za Evelyn walikuwa wanamfanyia karamu na nilikuwa nimetengewa kiti cha mbele. Niliichukua betri ikiwa na njaa yake.

Tulirekodia katika ghala la tumbaku la mjomba wake. Majani yalining'inia kutoka darini mpaka usawa wa vichwa vyetu, makavu, ya rangi ya dhahabu nzito, na yalimeza kila mwangwi. Mahali tulivu kama pale sijapaona tena. Nje waombolezaji walikuwa wakiimba polepole, na sauti zao zilitufikia kama zinatoka chini ya maji. Saturnino aligonga uma wa sauti kwenye goti lake, ule uma wa chuma unaotoa noti ileile daima, aliopewa na padre mmoja Mwitaliano, akapatanisha nyuzi, akavaa hedifoni. Nikawasha mashine. Evelyn akaimba masikioni mwake kutoka Arua, na yeye akamjibu kutoka kwenye msiba wa mama yake. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa hedifoni ya pili. Hata sasa, nikiwa kitandani na miguu yangu imevimba, nikifumba macho nasikia yale aliyoyapiga katika ubeti wa kwanza, na chumba hiki kinanukia tumbaku.

Katikati ya ubeti wa pili aliacha kupiga. Akavua hedifoni, akagonga uma, akajaribu nyuzi zote sita. Zilikubaliana na uma.

"Mwalimu, wimbo iko nashuka," alisema.

Nilimwambia wimbo haushuki. Nikaongeza neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Sikio lako limechoka na kilio. Piga."

Alinitazama kama mtu anavyoitazama saa ya kanisa. Hata kama saa ya mkononi inasema vingine, ya kanisa ndiyo inayofuatwa. Akasema sawa, Mwalimu. Nikarudisha mkanda mpaka mwanzo wa ubeti ule, akavaa hedifoni, akapiga mpaka mwisho bila kugusa tena vikaza nyuzi.

Wasiojua mashine hizo waelewe hivi. Betri ikiishiwa, mkanda huenda polepole, na sauti iliyokuwemo hushuka. Mpigaji akishikilia sauti yake sawasawa juu ya mkanda unaolegea, basi siku mkanda huo ukichezwa kwa umeme kamili, yeye ndiye atakayesikika amepanda. Aliyesimama wima ataonekana amepinda.

Jumamosi tuliucheza mkanda studioni Arua kwa jenereta. Matanga yalikuwa yameisha na Saturnino alikuwepo, amevaa koti lake jipya katika joto lile, kwa sababu Driwaru alitaka Evelyn alione. Ubeti wa kwanza watu waliinamisha vichwa kama wanaosali. Ubeti wa pili gitaa likaanza kupanda, kidogo, kisha kidogo tena, mpaka likawa liko juu ya sauti ya Evelyn kama kofia iliyovaliwa upande. Mtayarishaji alisimamisha mkanda mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, kwamba vidole ni vya ajabu lakini sikio halipo, na safari ya miezi minne haiwezi kubeba mtu wa namna hiyo.

Saturnino hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeinama nikijifanya natafuta waya. Ndipo akasema, taratibu, kwa ajili ya wote:

"Mwalimu aliniambia pale pale. Sikio ilichoka. Ni mimi nilibisha."

Nilikuwa na nafasi ya kusema, upana wa mlango. Nilijua sababu ya gitaa kupanda mara tu lilipoanza kupanda. Fundi wa sauti asiyeijua dalili hiyo hajaiona mashine. Lakini walikuwepo wageni, na nilikuwa mimi ndiye Mwalimu. Nikajiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu walikuwa wamekwisha kurudi Kampala na kumpata mpiga gitaa mwingine. Nikajiambia sasa haina faida. Baada ya mwezi nikagundua jambo lililonitisha zaidi: nilikuwa nimefurahi. Studio hii iliishi kwa vidole vyake, na vidole havikuondoka.

Koti la Ulaya halikuiona Ulaya. Saturnino amelivaa kila asubuhi ya mvua kwa miaka ishirini na miwili, nyuma ya bodaboda, gitaa kifuani, na watoto wa njia ya Logiri humsalimu kwa jina la koti. Driwaru amelitia viraka mara tatu.

Wengi wenu mliojiunga na studio baadaye mnamfahamu kwa tabia mbili mnazozipenda na kuzitania. Ya kwanza ni kupatanisha nyuzi. Anapatanisha, anagonga uma, anaung'ata kwa meno ili ausikie ndani ya fuvu, anapatanisha tena, halafu tena. Akina mama wa kwaya ya Inde husema Saturnino akianza kukaza nyuzi, mtu unaweza kukanda unga, kusukuma chapati, kuzichoma na kuosha kikaango. Ya pili ni lile swali lake. Kabla hajapiga noti ya kwanza humgeukia yeyote aliye karibu na kumuuliza, "Iko sawa?" Amewauliza mapadre. Amemuuliza mwenye kuuza muda wa simu mlangoni petu. Siku moja alimuuliza fundi wa paa aliyekuwa juu ya ngazi, naye akajibu kutoka huko kwamba iko sawa kabisa mzee, na Saturnino akamshukuru. Mmempachika jina la Mzee Iko Sawa, naye huitikia.

Mimi nilicheka pamoja nanyi. Lakini kabla ya mkanda ule wa Agosti 2003 Saturnino hakuwahi kumuuliza mtu. Alikuwa akipatanisha mara moja, huku akizungumza mambo mengine, na nyuzi zilikaa.

Mwezi uliopita Margarita alimwomba asiondoke kabisa. Alimtaka awe anakuja Jumamosi kuwafundisha vijana kusikiliza, maana vijana wana vidole vya kutosha na wameanza kuitegemea kompyuta iwasikilizie. Saturnino alikataa. Margarita alikuja kunieleza, akiwa hajaelewa. Alisema mzee amemjibu kwamba yeye ni mtu wa vidole tu, sikio ni la wengine, na mtu asiye na sikio akifundisha sikio anawaharibu watoto wa watu. Gitaa ataliacha litundikwe ukutani. Uma pia. Anakwenda Logiri, kwao Driwaru, kulima muhogo na karanga.

Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa nimepakwa mafuta ya wagonjwa siku nne kabla. Padre alikuwa ameniuliza kama liko lililobaki, nikamwambia lipo. Alisema hilo si la kupeleka mbinguni moja kwa moja, lina anwani karibu zaidi.

Nilimwita Margarita, nikamwonyesha sanduku lililo chini ya kitanda changu. Mkanda wa Koboko ulikuwemo. Sikuutupa, na sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya ule ubeti wa kwanza. Aliupeleka studioni, akauingiza kwenye kompyuta, akaulegeza kidogo kidogo kuufuata mwendo wa betri inayokufa, kama nilivyomwelekeza kwa simu. Aliporudi alikuwa amelia. Aliniwekea hedifoni masikioni, nikasikiliza. Ukiulegeza mkanda hivyo, Evelyn ndiye anayeshuka, ngoma ndizo zinazoshuka, nyumba nzima inazama polepole kama jua la Koboko nyuma ya mashamba ya tumbaku, na gitaa limesimama pale pale. Kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho halikutikisika. Mwanamume aliyemzika mama yake siku mbili kabla, anayeambiwa na mwalimu wake kwamba hasikii, alishikilia sauti ya kweli peke yake kwa dakika sita.

Ijumaa, baada ya kusomwa kwa wasifu huu, mtachezewa mkanda huo kwa namna zote mbili. Evelyn amethibitisha kwamba atakuja. Nimemwandikia kila kitu, naye ana haki ya kunijibu au kuninyima jibu. Mimi sitaweza kufika. Ngazi mbili za veranda yangu sasa ni mlima. Lakini dirisha langu linatazama upande wa studio, na upepo ukiwa mwema hunifikia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa zamani na wa sasa, na wale waliotangulia, ninakushukuru Saturnino kwa miaka yako thelathini na minne na miezi tisa. Ninakushukuru kwa kila wimbo wa mtu mwingine ulioubeba mgongoni bila kudai picha. Ninamshukuru Driwaru kwa koti na kwa uvumilivu. Karanga zenu na zistawi Logiri, mvua iwajie kwa zamu zake, na mikono yako ipate pumziko iliyolifanyia kazi. Kama utaona vyema kuupokea mwaliko wa Margarita, uma wako bado uko mezani kwake, haujatundikwa. Kama hutaona vyema, hakuna atakayekulaumu, mimi wa mwisho kabisa.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa miaka hii yote hata nilipojishtaki nilijipunguzia. Nilijiambia kwamba pale ghalani sikujua, kwamba nilielewa Jumamosi tu, studioni, mbele ya wageni. Ndivyo nilivyomwambia padre pia. Si kweli. Mbele ya mashine ile kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Betri ikishiba huwaka kama kaa la moto, ikiishiwa hufifia. Ulipovua hedifoni, Saturnino, ukaniambia wimbo unashuka, taa ilikuwa imefifia hata ukiitafuta huioni, na mimi nilikuwa nimeitazama kwa muda wa ubeti mzima. Nilikuwa nimesikia ulichosikia. Ilikuwa sawa, na nilijua iko sawa wakati nilipokuambia sikio lako limechoka.

Lawrence Acidri
Mkuu wa Studio ya Enyau, 1988–2010